Mizani Nane

Kengele ya shule yetu ni mwiko na kifuniko cha sufuria.
Saa mbili kamili nagonga mara tatu,
nafuta makombo ya mkate kwenye kitambaa cha plastiki,
na meza inaacha kuwa meza.
Subilaga darasa la sita, Lugano la tatu,
Ipyana, asiye na darasa, yuko chini ya kiti
anachora ng'ombe nyuma ya risiti za duka.

Wenzao wamepita tangu gizani,
sweta nyekundu, tai zimepinda,
viatu vikikanyaga matope ya Kangemi.
Lugano huwapungia dirishani.
Jana mmoja alisimama, akamuuliza:
"Kwani ulifukuzwa karo?"
Akaniletea swali lile jikoni kama jiwe la mfukoni.
"Mama, karo ni nini?"
Ada, nikasema.
"Na sisi tunamlipa nani?"

Vitabu vilikuja na basi kupitia Namanga,
katoni moja iliyofungwa kwa kamba ya katani,
na majani ya chai ya Tukuyu, na barua ya mama mkwe,
mstari wake wa mwisho umekolezwa wino mara mbili:
Wajukuu wangu wasije wakarudi wageni.

Kwenye kitabu cha hesabu, Asha amenunua kalamu
kwa shilingi mia tano. Lugano anaguna.
"Mia tano? Kalamu? Huyo mwenye duka ni mwizi."
Basi naanza: shilingi ya huku, shilingi ya kule,
jina moja, uzito mbali.
Hesabu yangu imegeuka uraia, na bado hatujajumlisha kitu.

Saa nne umeme unakatika. Nasema umeme.
Wao wanasema stima imepotea.
Nasema viazi, wao waru.
Dukani kwa Mama Nyokabi nasema, "Naomba chumvi,"
wanawake wananigeukia, wanacheka bila ubaya:
"Huyu naye anaomba! Si ununue tu?"

Siku tuliyofika, shemasi aliyetupokea
alichungulia nyuma yetu, getini,
akitafuta gari la pili.
"Na wamishonari wenyewe wanafika lini?"
Ambokile alicheka hadi akakaa juu ya sanduku.
Mimi sikucheka.
Nilikuwa natafuta ukuta wa kutundika ubao.

Leo ni ushairi. Nimemwaga maharage mezani,
kila silabi punje moja,
nane kushoto, nane kulia.
(Punje moja iko puani mwa Ipyana. Tunaitoa kwanza.)
"Andika ubeti," namwambia Subilaga, "kuhusu kwetu."
Kisha naenda kuchochea jiko,
nikijua tayari nitakachokikuta:
migomba, ukungu wa Rungwe asubuhi,
parachichi za bibi zikidondoka usiku juu ya bati,
mvua isiyojua kuaga.
Hata mstari wa kwanza nilikuwa nao mdomoni:
Nyumbani kwetu Tukuyu.

Nikarudi. Mwandiko wake unalala kulia, kama wa baba yake.

Nyumbani kwetu Kangemi,

Nikashika kalamu nyekundu.
Nikapanga punje kwa kidole:
nyu, mba, ni, kwe, tu,
ka, nge, mi.
Nane.
Nikahesabu tena kuanzia mwisho.
Nane.

Ananitazama. Alifika hapa na meno ya maziwa.
Yote aliyatupa juu ya paa hili, moja baada ya jingine,
na haya anayonichekea nayo
yameota huku.

Nikaweka alama ya vema, ndogo, pembeni.
"Lakini huu ni ukwapi tu," nikamwambia.
"Utao uko wapi?"
Akasukuma maharage manane yaliyobaki,
akayarudisha, akauma ncha ya penseli.
"Bado nafikiri, Mama."

Stima ikarudi. Jokofu likaguna.
Tukasubiri, yeye na mimi,
upande wa kulia wa ukurasa ukiwa mweupe.